Tochi, Kandili na Kidirisha cha Luthuli: Masafa ya Juu Yana Nafasi Gani Nairobi?

Baadhi ya simu za mitumba zinazouzwa Luthuli Avenue, hapa Nairobi, zimetoka Marekani. Muuzaji hukufungulia ukurasa wa betri uone asilimia iliyobaki, hupiga picha moja uone kamera, kisha hutaja bei. Ukiishika iPhone 12 au 13 ya namna hiyo na kuutazama ubavu wake wa kulia, chini ya kitufe cha kuwashia, utaona alama ndefu ya mviringo kama kidonge kilicholazwa. Simu ileile iliyouzwa kwanza Ulaya au Afrika haina alama hiyo. Juzi kijana mmoja aliyekuwa akinunua alinigeuzia yake akaniuliza, "Mzee, hapa ni kama palipasuka wakaziba, ama?"

Hapakupasuka. Hilo ni dirisha la antena ya kupokea mawimbi ya milimita, yale yenye masafa, yaani kasi ya kutikisika, kuanzia karibu gigahazi 24 (mitikisiko bilioni 24 kwa sekunde) kwenda juu, ambayo kampuni za simu za Marekani ziliyajengea mitandao. Hapa kwetu 5G hupita katika masafa ya kati, chini ya gigahazi 4. Kijana yule atakaa na simu yake miaka mitatu, minne, na dirisha lile halitapata kazi hata siku moja.

Swali lake halijanitoka kichwani, kwa sababu watafiti wameshalipita dirisha lile zamani. Wako kwenye gigahazi 100, 140, hata 300, wakitafuta njia za mitandao ya 6G inayotarajiwa karibu na mwaka 2030. Hapa Nairobi nasikia kauli mbili juu ya kazi hiyo. Ya kwanza: hayo ni mambo ya matajiri, sisi tujengewe minara Turkana kwanza. Ya pili: tukikaa nje ya utafiti sasa, tutakuja kununua mitambo iliyotengenezwa kwa mahitaji ya wengine, kama tulivyozoea. Naziona zote mbili zina ukweli, lakini kila moja imeshika jambo lisilo lenyewe, na ndiyo maana mjadala hausogei.

Tuanze na kwa nini mtu apande juu huko. Mawimbi ya redio ya chini ni marefu. Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi tulioujua hapa ulitumia masafa ya megahazi 900 (megahazi elfu moja ni gigahazi moja), na wimbi lake lina urefu wa sentimita 33 hivi, kama rula ya mtoto wa shule. Kwenye gigahazi 3.5 wimbi ni sentimita 8 na nusu. Kwenye gigahazi 28 ni milimita 11, na kwenye gigahazi 140 ni milimita 2 tu. Si kitu kipya kabisa. Jagadish Chandra Bose alikuwa akitengeneza mawimbi ya milimita chache huko Calcutta katika miaka ya 1890, muda mfupi baada ya Heinrich Hertz kuthibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo. Dunia ikamwacha Bose ikayafuata mawimbi marefu, kwa kuwa ndiyo yaliyovuka bahari. Sasa, zaidi ya miaka mia moja baadaye, inarudi alikokuwa yeye.

Inarudi kwa sababu barabara za chini zimejaa. Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba kiasi cha taarifa unachoweza kupitisha hewani hutegemea mambo mawili: upana wa masafa uliyo nayo na nguvu ya mawimbi yako ikilinganishwa na kelele. Upana ukiongezwa mara mbili na usikivu ukabaki uleule, taarifa huongezeka mara mbili. Nguvu ukiiongeza mara mbili, unapata nyongeza ndogo tu, na kadiri mawimbi yalivyo mazuri tayari ndivyo nyongeza hiyo inavyozidi kukosa maana. Ni kama foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni: kuitia matatu injini kubwa zaidi hakusaidii kitu, kinachosaidia ni leni. Bendi, yaani kipande cha masafa, ya kwanza ya GSM, mfumo wa simu za 2G, ilikuwa na megahazi 25 kila upande, zigawanywe kwa kampuni zote. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2019, ulitenga kwa ajili ya simu masafa ya gigahazi 24.25 hadi 27.5. Hiyo bendi moja peke yake ina upana wa megahazi 3,250. Mkutano uohuo ulifungua njia ya kutumia jumla ya gigahazi 137 kati ya 275 na 450. Leni zilizoko huko juu ni nyingi kuliko zote tulizowahi kuzitumia tukizijumlisha.

Na majaribio yanaonyesha leni hizo zinapitika. Mwaka 2021 Samsung na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walirusha gigabiti 6.2 kwa sekunde kwenye gigahazi 140, umbali wa mita 15. Mwaka 2024 kampuni nne za Japani, NTT, NTT Docomo, NEC na Fujitsu, zilifikisha gigabiti 100 kwa sekunde umbali wa mita 100, kwenye gigahazi 100 na 300. Mtu aliyesimama katikati ya soko la Gikomba siku ya Jumamosi akijaribu kutuma pesa, simu ikimzungushia duara tu, anaelewa mara moja kwa nini jambo hili linavutia. Mnara upo, unaonekana, na alama za mtandao zimejaa. Tatizo lake ni watu elfu kadhaa kugawana bomba moja. Ukitoka Gikomba ukaenda uwanja wa Kasarani siku ya mechi kubwa, au mtaa wa Pipeline ambako ghorofa zimebanana hadi mtu hupeana chumvi dirishani na jirani wa jengo la pili, ni hadithi ileile.

Hapo ndipo wapinzani hujibu kwa sentensi moja wanayoiona imemaliza kesi: mawimbi ya juu hayafiki mbali. Naomba nikae hapa kidogo, maana sentensi hii imepotosha wengi, wakiwemo wahandisi.

Hewa tupu haiyali mawimbi ya gigahazi 140 kwa kiasi cha kutisha katika umbali wa mita mia chache. Kinachofanya yaonekane dhaifu ni kwamba antena moja ya kawaida ya masafa hayo ni ndogo mno, kwa hiyo hukinga nguvu kidogo, kama mtu anayekinga mvua kwa kizibo cha soda. Mpe mtu yule sufuria badala ya kizibo na hesabu inabadilika. Ukiweka antena zenye eneo lilelile upande wa kutuma na upande wa kupokea, mawimbi ya juu hufika yakiwa na nguvu zaidi ya yale ya chini, kwa sababu antena ya ukubwa uleule huyakusanya kuwa mwali mwembamba. Na kwa wimbi la milimita 2, antena ndogondogo zipatazo mia zinaenea katika eneo la sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo tofauti iliyopo ni ile ya kandili na tochi. Kandili huangaza chumba kizima lakini haifiki mbali. Tochi hufika hadi ng'ambo ya shamba, lakini aliyesimama hatua moja pembeni ya mwanga wake yuko gizani.

Ukishalielewa hilo, shida halisi hujitokeza, na ni kubwa kuliko ile ya umbali. Tochi lazima ijue unakoelekea. Ukigeuka, ukaweka mkono juu ya ile antena ndogo ubavuni mwa simu, au basi likapita kati yako na mnara, mwali umekatika na mtambo unaanza kukutafuta upya. Kisha kuna kuta. Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo yaliyokatwa kwa mashine, mazito na manene, na dirisha likiwa na fremu za chuma. Megahazi 900 hupenya ukuta huo ikiwa imechoka lakini hai. Gigahazi 28 hufa ndani ya jiwe. Mabati nayo hayapitishi chochote, huakisi. Kwa upande wa mitambo yenyewe, chipu za silikoni zinapovuka gigahazi 100 hutoa nguvu kidogo, na sehemu kubwa ya umeme unaoingizwa huishia kuwa joto. Kwa nchi ambayo stima yake ilizimika karibu kote Agosti 2023, na ambako minara mingi huishi kwa jenereta, mtambo unaokula umeme na kutoa joto si jambo la kupuuza.

Mvua, ambayo kila mtu huitaja kwanza, naiweka baada ya hizo. Kwa hesabu za kawaida za wahandisi wa redio, mvua kali ya milimita 50 kwa saa, ile ya Aprili inayofanya Uhuru Highway kuwa mto, huyapunguza mawimbi ya gigahazi 28 kwa desibeli 9 hivi kwa kila kilomita, yaani hubaki kama thumni ya nguvu. Kwenye gigahazi 140 ni karibu desibeli 20, yaani hubaki sehemu moja kwa mia. Inatisha, lakini hiyo ni kwa kilomita nzima. Kwa mita 200, gigahazi 28 hubaki na thuluthi mbili za nguvu zake, na gigahazi 140 hubaki na sehemu mbili kwa tano. Zote zinavumilika. Tena baada ya gigahazi 80 hivi adhabu ya mvua haiongezeki sana hata ukipanda zaidi. Kwa hiyo anayesema masafa haya hayawezi kufanya kazi katika nchi za mvua nyingi ajibu kwanza swali la umbali.

Kuhusu afya sitachukua muda. Wasiwasi wa wakazi wanaopinga minara mtaani kwao ni haki yao kuusema na kujibiwa kwa heshima. Lakini mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyoishia juu ya ngozi. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi ya namna hii, umeweka vikomo hadi gigahazi 300. Kazi ya serikali ni kupima na kutangaza vipimo, mtaa kwa mtaa.

Hoja ya wapinzani inayonisumbua kweli ni ya pesa, na ushahidi wake umetoka kwa matajiri wenyewe. Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, ilianza kuwasha 5G ya mawimbi ya milimita kwa simu za mkononi Chicago na Minneapolis mnamo Aprili 2019. Miaka miwili haikupita, kampuni hiyohiyo ikaingia mnadani na kulipa zaidi ya dola bilioni 45 kwa masafa ya kati yaliyo karibu na gigahazi 3.7. Mtu hatoi pesa kama hizo akiwa ameridhika na alichonacho.

Korea Kusini ndiyo yenye somo chungu zaidi. Mwaka 2018 serikali iliziuzia kampuni tatu za simu masafa ya gigahazi 28, kila moja ikiahidi kujenga vituo 15,000. Muda ulipofika, kila moja ilikuwa imejenga sehemu ndogo tu ya ahadi. Mwishoni mwa 2022 serikali ikawanyang'anya KT na LG Uplus masafa hayo, na mwaka 2023 SK Telecom ikafuata. Mwaka 2024 ikajitokeza kampuni mpya iliyoshinda mnada wa masafa hayohayo, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaufuta ushindi wake. Hii ni nchi yenye majiji yaliyosongamana, watu wenye simu za bei ghali na kampuni zinazotengeneza mitambo hiyo zenyewe. Ikiwa Seoul hawakupata sababu ya kibiashara ya kuweka tochi kila kona, nani atawalipia wakazi wa mtaa wa Kayole hapa Nairobi?

Na Kayole haihitaji kasi ya gigabiti 100. Takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, zinaonyesha kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara karibu watu 6 kati ya 10 wanaishi mahali ambapo mtandao wa intaneti ya simu unafika, ila hawautumii. Kikwazo chao ni bei ya simu, bei ya bando, kutojua pa kuanzia na ukosefu wa mambo ya maana mtandaoni kwa lugha yao. Hakuna antena ya milimita 2 itakayomtatulia mama mboga hilo.

Tena tumewahi kuletewa suluhisho kutoka juu, juu hasa, angani. Julai 2020 maputo ya Loon yalianza kutoa huduma ya 4G kwa wateja wa Telkom Kenya, yakielea kilomita karibu 20 juu ya ardhi. Magazeti yalishangilia. Januari 2021 kampuni mama, Alphabet inayomiliki Google, ilitangaza kuyafunga kwa kuwa biashara haikulipa. Maputo yalifanya kazi vizuri kama kifaa; ila uamuzi wa kuyaendeleza au kuyashusha haukuwa wetu.

Kwa hayo yote, mtu angetarajia niseme tuachane nayo. Sisemi hivyo, kwa sababu makosa ya pande zote mbili yanaanzia mahali pamoja: wote wanaifikiria simu ya mkononi. Yule anayeshabikia anaona kijana wa Luthuli akipakua filamu kwa sekunde moja. Yule anayepinga anaona kijana huyohuyo akishindwa kwa sababu ameingia ndani ya nyumba ya mawe. Mimi naona tochi ina kazi yake, na kazi hiyo ni kati ya vitu vilivyotulia mahali pamoja.

Tazama juu ya majengo ya katikati ya jiji, au kwenye mnara wowote. Utaona visahani vya mviringo vilivyofunikwa, mfano wa ngoma nyeupe. Hivyo ndivyo vinavyobeba mawasiliano kutoka mnara hadi mnara pale ambapo faiba haijafika, au pale ilipokatwa na tingatinga la ujenzi wa barabara, jambo ambalo mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Vya kisasa hutumia gigahazi 71 hadi 76 na 81 hadi 86, jumla ya gigahazi 10 za leni, na hubeba gigabiti kadhaa kwa sekunde kwa umbali wa kilomita moja, mbili au zaidi kidogo. Hapa tochi haina shida: haitikisiki, haigeuki, hakuna mkono unaoifunika. Utafiti unaofikisha gigabiti 100 kwa mita 100 leo ndio utakaokuwa ngoma nyeupe za kesho. Kuna hata waliovuka redio wakaingia kwenye mwanga wenyewe: mradi wa Taara ulirusha intaneti kwa mwali wa mwanga kati ya Brazzaville na Kinshasa, kuvuka Mto Kongo, umbali usiofika kilomita 5, wakati njia ya waya ingezunguka kilomita zaidi ya 400.

Ghorofa za Pipeline zinaingia hapa pia. Antena ikifungwa nje, kwenye ukuta wa jengo, ikitazamana na nyingine juu ya paa la ng'ambo ya barabara, jiwe la Ndarugo halihusiki tena. Ndani ya jengo waya na Wi-Fi vinamalizia. Mita 150 za tochi zinaweza kulisha nyumba mia. Bado kuna mwenye nyumba anayeruhusu kampuni moja tu ya intaneti kuingia katika ploti yake, na hilo halitibiwi na fizikia. Linahitaji sheria, na ningependa bunge lilitazame.

Kazi ya pili ya masafa haya ndiyo inayonigusa zaidi, na sijasikia wengi wakiizungumzia hapa. Ile mvua inayoyapunguza mawimbi inaacha alama. Ukijua mwali ulitoka na nguvu kiasi gani na umefika na kiasi gani, unajua ni mvua kiasi gani imenyesha njiani. Mwaka 2012 watafiti walijaribu hili Burkina Faso, wakitumia mwali wa redio kati ya minara miwili ya kampuni ya simu karibu na Ouagadougou, na vipimo vyao vikakaribiana vizuri na vya vyombo vya hali ya hewa. Hawakununua chombo kipya cha kupima. Walisoma tu kumbukumbu ambazo mtambo tayari ulikuwa ukizitunza.

Sasa fikiria mafuriko ya Aprili na Mei 2024, maji yalipoingia usiku Mathare, mtaa wa nyumba nyingi za mabati. Vipimo vya mvua vya jiji hili ni vichache ukilinganisha na ukubwa wake, na mvua ya Nairobi ni ya vipandevipande: Karen inakauka, Kasarani inazama. Visahani vya minara viko mamia, vimezagaa kila mtaa, na kila kimoja kinahisi mvua dakika kwa dakika. Kadiri masafa yanavyokuwa ya juu, ndivyo mvua nyepesi na njia fupi zaidi zinavyopimika. Mfumo wa 6G ulioelezwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2023 umeweka kuhisi mazingira kuwa mojawapo ya matumizi yake sita makuu. Kwa wengi huko nje hiyo inamaanisha kufuatilia magari na roboti viwandani. Kwetu ingeweza kumaanisha mama wa Mathare kupata ujumbe wa tahadhari saa moja kabla Mto haujafurika. Kampuni za simu zina data hiyo leo, haziitoi kwa kuwa hakuna anayeziambia zitoe. Idara ya Hali ya Hewa ingeiomba kesho.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo, na lazima usemwe. Mvuke wa maji angani hutoa mnong'ono wake wenyewe karibu na gigahazi 23.8, na setilaiti za hali ya hewa huusikiliza ili kutabiri mvua. Bendi ya simu inayoanzia 24.25 iko mlangoni pake. Pale Sharm el-Sheikh wataalamu wa hali ya hewa waligombana na watu wa simu kuhusu kelele inayovuja, na kikomo kilichokubaliwa kitakazwa zaidi kuanzia Septemba 2027. Nchi inayolima kwa kutegemea utabiri wa mvua ina kila sababu ya kuwa upande wa kikomo kikali.

Hayo yananipeleka kwenye utafiti wenyewe, ambako naungana na wale wasemao tusikae nje, ila kwa sababu tofauti na yao. Hatutashindana na Wajapani kutengeneza chipu za gigahazi 300. Tunachoweza kufanya, na hakuna mwingine atakayetufanyia, ni kupima. Hesabu zinazotumika duniani kupanga mitandao ya mawimbi ya milimita zimejengwa juu ya vipimo vilivyofanywa mahali mahususi. Mhandisi wa Marekani Theodore Rappaport na wenzake walibeba mitambo yao mitaani New York na Austin wakapima gigahazi 28 na 38. Baadaye timu yake ikapima gigahazi 142 huko Brooklyn. Waliandika jinsi mawimbi yanavyogonga vioo vya giza, matofali na kuta za jasi za nyumba za Kimarekani. Mabati hayamo humo kama ukuta wa nyumba ya mtu.

Na bati ni jambo la kusisimua. Makunyanzi ya bati yameachana kwa sentimita 7 au 8 hivi, na kina chake hakifiki sentimita 2. Kwa wimbi la megahazi 900 bati hilo ni karibu kama sahani bapa. Kwa wimbi la milimita 2, kila kunyanzi ni kioo kilichopinda, kinachotawanya mwali kwenda pembeni. Huenda vichochoro vya Mathare, ambavyo kwa hesabu za New York ni giza tupu, vinaangazwa vizuri na mwakisiko wa kuta zake zenyewe. Huenda pia vinavuruga mwali usikamatike. Jibu linapatikana kwa kwenda na mtambo wa kutuma, mtambo wa kupokea, daftari na ruhusa ya wakazi. Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na Strathmore wana wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta kichwa cha tasnifu kila mwaka, na Mathare ni mwendo wa matatu moja kutoka mjini.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, vita halisi ya kiwango cha mtandao wa Nairobi inapiganwa chini zaidi. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliyapa mawasiliano ya simu gigahazi 6.425 hadi 7.125 katika kanda yetu, ile ya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati. Marekani mwaka 2020 iliipa Wi-Fi masafa hayo yote pamoja na yale ya chini yake, jumla ya megahazi 1,200, bila leseni. Mkutano wa 2027 utajadili gigahazi 7.125 hadi 8.4, miongoni mwa mengine. Masafa haya hupenya kidogo, huenea kidogo, na yanaweza kufungwa juu ya minara iliyopo. Gikomba itapata afueni kutoka hapo miaka mingi kabla gigahazi 140 haijafika popote. Lakini wakazi wengi wa jiji hupata intaneti yao ya nyumbani kwa Wi-Fi, mara nyingi kupitia kampuni ndogo ya mtaani isiyoweza kwenda mnadani. Kuipa kila kitu kampuni ya mnara ni kuifungia nje kampuni hiyo. Mimi ningegawa, nusu kwa leseni na nusu huru, ijapokuwa najua wenye minara wataniambia upana ukigawanywa hupoteza faida yake, na kwa Shannon wana haki.

Kwa gigahazi 26, yaani ile bendi iliyotengwa Sharm el-Sheikh, Mamlaka ya Mawasiliano isifanye mnada wa nchi nzima, maana Korea imetuonyesha unakoishia. Ujerumani ilifungua bendi hiyo Januari 2021 kwa leseni za mahali: mwenye kiwanda, chuo au mtaa anaomba eneo lake tu na kulilipia hilo. Leseni kama hiyo kwa paa la ghorofa moja Pipeline, kwa ada ambayo kampuni ya vijana watano inaweza kuimudu, ingetuonyesha mapema kuliko tasnifu yoyote kama kuna biashara hapo au hakuna.

Msimamo wa pamoja wa Afrika kwa mikutano hii huandaliwa na Umoja wa Mawasiliano Afrika, ATU, ambao makao yake makuu yako hapa Nairobi. Masafa yaliyo juu ya gigahazi 100 yamo katika ajenda ya awali ya mkutano wa 2031. Mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza wa uhandisi leo atakuwa amehitimu kufikia wakati huo. Vipimo vyake vya mabati, vya mawe ya Ndarugo na vya mvua ya Aprili vinaweza kuwa mezani, vimechapishwa, vikiwa na tarehe na majina ya vichochoro.

Kijana wa Luthuli aliinunua simu ile. Nilimwambia kidirisha hakina hasara, na kwamba antena yake ni nzima kabisa. Akauliza itafanya kazi lini. Nikamwambia katika simu hiyo, pengine kamwe. Ila juu ya paa la nyumba anayopanga, huenda kabla hajahama.